Soda Niliyopewa Ofisini

Mpaka leo sinywi soda ya machungwa. Wanangu wananicheka. Wakubwa wanadhani nina ugonjwa wa sukari ninaouficha, na mdogo anasema mama ana maringo tu. Nikiwa harusini, mhudumu akanifungulia chupa bila kuniuliza, ile harufu ikinifika puani nageuza uso. Naona tena sakafu ya saruji ya ofisi ya mwalimu mkuu, na miguu yangu isiyo na viatu ikining'inia kwenye kiti bila kufika chini. Sijawahi kuwaeleza kwa nini. Mwaka jana tulimzika mama, na kwenye matanga yale nikasikia jambo ambalo ningefaa kulisikia nikiwa bado mtoto. Sasa naeleza, nao wasome.

Tulikaa chini ya milima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Voi, mahali pa vumbi jekundu lisilotoka kwenye shuka hata uiloweke siku mbili. Siku tano za juma baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili alikuwa msomaji wa kanisa, yaani ndiye aliyeongoza ibada, kwa sababu kasisi wetu alikuwa na makanisa mengi na alitufikia mara moja kwa mwezi, pikipiki yake ikikubali. Kwa hiyo mtu aliyenifundisha kuzidisha ndiye aliyenifundisha Amri Kumi, na kichwani mwangu makosa ya hesabu na dhambi yalikaa kabati moja.

Baba alikuwa mtu wa uamsho, mmoja wa wale ndugu waliookoka ambao hawakuficha makosa yao bali walisimama mbele ya wenzao wakayataja. Desturi hiyo aliileta mpaka mezani kwetu. Kila jioni, kabla ugali haujapakuliwa, kila mmoja alisema jambo moja alilofanya siku hiyo ambalo angependa lisijulikane. Kaka yangu Righa alikiri kulamba sukari mara nyingi hata mama akalihamisha kopo. Mama alikiri kumnunia jirani. Mimi nilikuwa nayakusanya makosa yangu tangu asubuhi ili zamu yangu ikifika nisikose la kusema. Hata baba mwenyewe alikiri, jambo lililotushangaza siku zote, kwamba leo alimchapa mwanafunzi kwa hasira zake na si kwa kosa la mtoto. Hakuna aliyeadhibiwa kwa alichokitaja mezani.

"Ukiulizwa, sema ilivyo," baba alikuwa akituambia, "hata kama inakuuma."

Nami nikalielewa hivyo hivyo. Ukiulizwa, sema. Kwamba anayeuliza naye anaweza kuwa mtu wa namna mbalimbali, hilo sikuliwaza hata siku moja.

Nilikuwa na miaka tisa ulipokuja ule uchaguzi wa mlolongo. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, ila watoto wao huenda wasiamini. Hapakuwa na karatasi ya siri wala sanduku. Watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya picha ya mtu waliyemtaka, kila mmoja akimwona jirani yake amesimama wapi, kisha wakahesabiwa kama mbuzi wanaoingizwa joshoni. Kwetu walipanga mistari yao kwenye uwanja wa shule, na walimu wakapewa kazi ya kuhesabu. Sisi watoto tulipanda juu ya ukuta wa tangi la maji tukatazama.

Mlolongo mmoja ulianzia kwenye mlingoti wa bendera, ukapita chini yetu pale tangini, ukafuata ua wa makonge mpaka ukatoka nje ya lango. Mwingine uliishia kabla ya goli. Baba alipita kote na kipande cha chaki mkononi, akimgusa kila mtu begani kidogo, midomo yake ikicheza. Alirudia mara tatu. Kisha akaandika kwenye karatasi, akamkabidhi yule bwana aliyekuja kusimamia, na yule bwana akaingia darasani na kufunga mlango. Tulikaa juani mpaka ukuta wa tangi ukatuchoma mapaja. Alipotoka, alisoma kwamba mshindi ni yule wa mlolongo uliokomea kabla ya goli.

Righa aliangua kicheko, akidhani bwana yule amechanganya majina. Mama, aliyekuwa amesimama chini ya tangi, alimfinya mguu mpaka akanyamaza. Mimi nilimtazama baba tu. Nilikuwa nimemwona akisahihisha madaftari usiku na mchana, na nilijua hawezi kuacha jibu kama hilo bila alama. Nikangoja aitoe kalamu nyekundu mfukoni. Hakuitoa. Watu walitawanyika bila kuagana, na wanawake waliokuwa wamebeba watoto mgongoni walifunga upya leso zao ingawa hazikuwa zimelegea.

Siku chache baadaye ikaja barua kwa makanisa yote ya pande zetu kwamba Jumapili kuwe na sala ya shukrani. Jumapili hiyo baba alivaa kanzu yake nyeupe, akaongoza nyimbo na masomo kama kawaida. Ilipofika sehemu ya maombi, alitoa ile barua ndani ya kitabu akaikunjua.

"Wapendwa," alisema, "nimeletewa barua niombe sala ya shukrani kwa ajili ya uchaguzi. Siwezi. Niliwahesabu mimi, mmoja mmoja, na wengi wenu niliwagusa bega. Mlolongo mrefu umeandikwa mfupi, na mfupi umeandikwa mrefu. Karatasi niliyoandika siyo iliyosomwa. Nikimshukuru Mungu kwa uongo huu nikiwa nimevaa kanzu hii, kesho nitawaambia nini watoto wenu darasani?"

Hakuna aliyesema amina. Kuku mmoja aliyezoea kuingia kanisani alipita katikati ya mabenchi, na kwa mara ya kwanza hakufukuzwa. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akaanzisha wimbo, watu wakaudaka haraka haraka wakauimba mpaka mwisho, beti zote, na walipomaliza wakauanza tena.

Nje, Mzee Mwadime, aliyekuwa mzee wa kanisa na rafiki wa baba tangu ujana wao, alimvuta baba kando, na mimi nilikuwa nimeshika mkono wa baba.

"Mwalimu, leo hujahubiri. Tumeelewana? Ulikuwa unaumwa na kichwa, tukaimba, tukaenda nyumbani. Akija mtu yeyote kuuliza, hayo ndiyo majibu ya kanisa zima."

"Mimi siumwi na kichwa, Mzee."

"Basi anza kuumwa sasa hivi."

Nilicheka, kwa kuwa Mzee Mwadime alikuwa mtu wa mzaha. Yeye hakucheka.

Nyumbani mama alituita mimi na Righa jikoni. "Nyinyi, yale mliyoyasikia kanisani..." alianza, na baba akiwa mlangoni akamkata. "Mama Righa, acha. Watoto wasifundishwe kudanganya kwa ajili yangu." Mama alimtazama kwa muda mrefu. Ulikuwa mtazamo ambao sikuwa nimeuona kabla, na leo nikiwa mama mwenyewe naujua ulikuwa na maana gani. Kisha akainama akaendelea kuchagua maharagwe.

Jumanne saa nne, wakati wa mapumziko, niliitwa ofisini. Gari la kijani lilikuwa limesimama chini ya kivuli cha darasa la saba. Ndani ya ofisi alikaa bwana mmoja nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali, uso wa upole kabisa. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama akitazama nje dirishani, na muda wote ule hakugeuka. Mezani palikuwa na soda ya machungwa, chupa ina jasho. Kwetu soda ilikuwa kitu cha Krismasi, na tena chupa moja kwa watoto wawili.

"Ni yako hiyo," akaniambia. "Yote. Kunywa."

Nikanywa. Akanisubiri nifike nusu.

"Nasikia baba yako anahubiri vizuri sana. Mimi sikupata nafasi ya kuja Jumapili. Alisemaje?"

Niliteremka kitini. Nilisimama wima, mikono nyuma, jinsi tulivyofundishwa kusimama tukisema mistari ya Biblia kwa moyo, nikamwambia yote. Nilisema habari ya barua, ya mabega, ya mlolongo mrefu na mfupi, ya karatasi, ya kanzu. Sikuacha neno. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, na nilitaka ajue hivyo. Yeye akaandika, na nilipoenda mbio aliniinulia mkono nipunguze mwendo. Furaha iliyonishika siwezi kuisahau. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kila mtoto anaweza kumleta mtu mmoja kwa Bwana, na mimi nilidhani nimempata wa kwangu, mtu mkubwa mwenye gari, anayeandika mahubiri ya baba ili akayasome kwake.

"Na wewe husemi uongo?" akaniuliza akifunika kalamu.

"Hapana. Sisi ni watu wa kanisa."

Akanipapasa kichwa. Nikamaliza soda yangu mpaka tone la mwisho, nikaifyonza chupa mpaka ikalia.

Mchana huo walimchukua baba darasani. Darasa lake lilituhadithia kwamba aliomba ruhusa afute ubao kwanza, akaufuta wote, akaweka chaki kwenye kopo lake, akatoka. Mimi nilikimbia nyumbani kwa shangwe. Mama alikuwa anainjika sufuria.

"Mama, baba ameenda na yule bwana kuhubiri! Yule niliyemwambia maneno yote ya Jumapili, akayaandika!"

Mama aliiweka sufuria chini, si mekoni, chini tu kwenye udongo. "Ulimwambia?"

"Aliniuliza."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alikaa chini kando ya ile sufuria, akajifunika uso na leso, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka bila sauti. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kidogo kidogo, na ile soda bado imo tumboni.

Siku ya tatu Bibi, mama yake baba, alishuka kutoka Mbololo kwa miguu. Bibi alikuwa mama wa kanisa tangu zamani, wa kwanza katika ukoo wake kubatizwa, na mambo ya kale alikuwa ameyakataa mbele ya watu. Asubuhi yake aliniita nyuma ya jiko, tukiwa wawili tu. Alikuwa na kibuyu cha maji ya miwa. Alisema maneno kwa Kidawida cha wazee, chini chini na kwa ukali, maneno ambayo mimi niliyelelewa kwa Kiswahili cha shule niliyadaka machache tu. Nilisikia "mwanangu", nikasikia "kinywa". Kisha akajaza mdomo, akanipulizia kifuani. Mara nne. Maji yakanichirizika mpaka miguuni.

"Usimwambie mtu yeyote wa kanisa," akaniambia, akajipangusa midomo na kuondoka.

Nilijua nimetemewa mate. Nilijua Bibi amenilaani kwa kumuuza mwanawe kwa chupa ya soda, na nikaona ana haki. Nililivua lile gauni nikalifua mwenyewe. Hiyo ndiyo siri ya kwanza niliyoitunza maishani mwangu.

Baba alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa amekonda, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Barua ya kufukuzwa kazi ilikuwa imeshafika kabla yake. Wakubwa wa kanisa nao walisema apumzike kuvaa kanzu kwa muda, na huo muda haukuisha. Alilima matikiti kwenye kipande chetu cha bondeni, na msimu ambao ndovu hawakumtangulia alikuwa akiyapeleka Maungu, akayapanga kando ya barabara kuu kuwauzia madereva wa malori. Wengine walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Walishusha kioo wakaita, "Mwalimu!" na yeye akawauliza habari za wazazi wao mmoja baada ya mwingine huku akiwachagulia tikiti lililoiva. Mimi nilimfuata likizo nikajificha nyuma ya rundo, aibu imenijaa. Sikumwonea aibu yeye.

Habari za ofisini hakuniuliza hata mara moja. Ibada ya jioni ilirudi mezani kama zamani. Righa alitaja lake, mama lake, na zamu yangu ikifika nilisema, "Leo sina."

"Haya," baba alisema, akaendelea na sala.

Leo sina. Nilisema hivyo jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka, mtoto ambaye zamani alikuwa na makosa ya akiba. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema na halikupita kooni. Nilikuwa kidato cha pili, bwenini, ugonjwa wa kifua ulipomshinda baba. Walinirudisha nyumbani kwa gari la shule, nikafika amekwisha kuoshwa. Nililia sana, na watu walisema mtoto huyu alimpenda baba yake. Ni kweli nilimpenda. Lakini nililia zaidi kwa kuwa sasa hakukuwa na meza ya kusemea.

Habari ya Bibi nilielezwa nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Bibi alikuwa amekufa zamani. Nilimwambia mama kwamba naogopa, kwa sababu nililaaniwa nikiwa mdogo, na mama akanishangaa.

"Nani alikulaani? Ile ni kutasa, mwanangu. Mtu mzima akikaa na hasira juu ya mtoto, hasira ile humdhuru mtoto hata mwenyewe asipotaka. Basi anachukua maji mdomoni, anaitaja hasira yake ilivyo, bila kuipunguza, halafu anaipuliza nje itoke. Ukiisema nusu, haitoki. Bibi yako aliogopa utaumia. Alifanya jambo alilokuwa amelikataa mbele ya kanisa zima, kwa ajili yako."

Miaka yote ile nilikuwa nimemchukia mwanamke aliyenipenda. Nilidhani hapo ndipo palipokuwa mwisho wa kukosea kwangu.

Basi mwaka jana, kwenye matanga ya mama, akaletwa Mzee Mwadime akishikwa mkono na mjukuu wake, macho yameingia ukungu. Aliomba akalishwe karibu nami. Alipapasa akaupata mkono wangu.

"Wewe ndiye wa soda," akasema.

Nikataka kuinuka.

"Kaa usikie, mimi siku zangu zimebaki chache. Wazee wote tuliitwa Voi. Tulikaa benchi moja na baba yako. Mmoja mmoja tulishika Biblia, tukaapa, tukasema Mwalimu hakusema kitu, aliumwa na kichwa. Sote, mama. Nilikuwa wa kwanza. Yule afisa akachoka, naona hata yeye alitaka yaishe. Akamwambia baba yako, 'Mwalimu, wazee wote wamesema hukusema. Umebaki wewe na huyu mtoto. Sema mtoto ametunga uongo, nitaandika hivyo, kesho uko darasani kwako.' Mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nikamkanyaga kwa nguvu. Akautazama mguu wangu, nikadhani amekubali. Halafu akasema, 'Mtoto wangu hasemi uongo.' Basi."

Mzee alikuwa analia, machozi yakifuata mikunjo bila haraka. "Tulikuwa watu wazima saba na Biblia mkononi," akasema. "Nimekuwa nikikuogopa tangu siku hiyo. Nikikuona njiani nilikuwa nageuza njia."

Watu wangetarajia nifarijike. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakavuma. Neno moja tu, baba. Ungelisema, ningeitwa mwongo siku moja, wiki moja, watoto wenzangu wangenicheka mpaka wachoke. Nawe ungebaki na chaki yako na kanzu yako na meno yako. Nani alikuomba uninunulie jina zuri kwa bei hiyo? Na kwa nini hukuniambia, ukanisikiliza tu nikisema sina, sina, jioni zote zile?

Vijana walikuwa wanagawa soda kwenye makreti. Mmoja alinipa ya machungwa, imefunguliwa tayari, na safari hii niliipokea. Nilitoka nayo nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye makaburi mawili, la zamani lenye msalaba wa saruji na jipya lenye udongo mbichi. Ilikuwa saa kumi, jua bado kali. Nilitazama kama kuna mtu wa kanisa karibu, nikajicheka.

Nikamwambia baba hasira zangu zote kama zilivyo, kwa sauti, bila kupunguza. Nikajaza mdomo, ule utamu ukanijaa kinywani kama siku ile, nikapuliza juu ya udongo. Nikarudia mpaka chupa ikafika nusu. Kisha nikaketi chini kati yao wawili, jinsi tulivyokuwa tukikaa kabla ugali haujapakuliwa.

"Baba," nikasema, "leo ninalo."

Nikaanzia pale nilipoitwa ofisini.